Uzi wa Mwezi wa Ziada

Niseme mapema kwamba wifi yangu yu hai, tena mzima wa afya. Kila nikianza kumsimulia, watu hushika tama wakidhani namzungumzia marehemu. Marehemu ni mume wangu, kaka yake. Wifi yuko dukani kwake, nyuma ya kaunta, miwani imemshuka mpaka puani, na bila shaka sasa hivi anabishana na fundi fulani kwamba uzi anaoutaka si mwekundu, ni damu ya mzee.

Duka ni la nyuzi, vifungo, zipu, lastiki na riboni, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene hawapishani. Mjini wanamwita Kalenda. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani limebaki kwenye kitambulisho tu. Sisi Wahindu wa mji huu si wengi. Hekalu letu ni chumba kimoja kikubwa chenye jiko kwa nyuma, na kuhani huja siku moja kwa wiki, akipata usafiri. Na sikukuu zetu hazitulii. Karibu zote zinafuata mwezi wa angani, kila mwaka zinahama, na asiyejua kuhesabu atawasha taa zake wakati jirani wamekwisha kuzizima. Basi watu wanamwuliza Kalenda. Anacho kitabu chembamba cha tarehe, kimejaa namba ndogo kama sisimizi, anakisoma kwa kidole.

Shida yake ni moja: hakupi tarehe bila mahubiri. Umekwenda kununua vifungo sita vya shati, ukauliza kwa bahati mbaya Diwali ni lini, basi umekwisha.

"Diwali ni usiku usio na mwezi kabisa," atakwambia, vifungo vyako bado kavishika mkononi. "Unajua kwa nini tunawasha taa? Rama alikuwa anarudi nyumbani baada ya miaka kumi na minne porini, na njia ilikuwa giza. Sasa wewe na shemeji yako hamsemezani. Taa hiyo utamwashia nani?"

Hana dogo. Mwezi wa kwanza, jua linapogeuka kuelekea kaskazini na watoto wanarusha tiara juu ya mapaa, yeye anagawa ufuta uliopikwa na sukari guru na kuamuru watu waseme maneno matamu mwaka mzima, yeye mwenyewe ulimi wake pilipili. Usiku wa mungu Shiva anakesha na njaa yake, na asubuhi anawatazama waliolala kama watu walioiba. Holi anaipenda kwa sababu inawashusha wakubwa. Jioni mnawasha moto mkubwa mnachoma uovu wa mwaka, kesho yake mnapakana rangi, na meneja anapakwa na mfagiaji wake, mama mkwe na mkwe wake, mpaka hakuna anayetambulika. "Mtu akishapakwa rangi usoni," husema Kalenda, "kisirani chake atakivaa wapi?" Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, akifinyangwa kwa udongo, akaimbiwa siku zake, kisha akapelekwa majini kuyeyuka, wifi anasema mgeni mzuri ni yule anayejua siku ya kuondoka, na hapo ananitazama mimi kama nimekaa sana dukani.

Mimi na yeye tulianza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nilishinda na njaa kutwa nzima, hata tone la maji sikunywa, kama wanavyofanya wake mara moja kwa mwaka ili waume zao waishi maisha marefu. Jioni napanda juu kutazama mwezi utoke ndipo nile, wifi kaingia. Akaniona midomo imekauka. Akauliza kulikoni, nikamwambia kwa madaha. Loo! Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi harusi, umemwombea maisha mume wa nani? Maana siku ya kumwombea wako ni kesho."

Nikarudia kesho yake. Siku mbili bila chakula, na mji mzima ukajua. Miaka ishirini na nane kila nikitaja tarehe yoyote mbele yake, hata ya kulipia umeme, ataniuliza: "Una hakika si siku moja kabla?" Watu wanacheka. Na mimi nacheka, lakini jino pembe.

Sasa sikukuu iliyokuwa yake kabisa, ya moyoni, ni Raksha Bandhan, siku ya uzi. Siku ya mwezi mpevu kila dada anamfunga kaka yake uzi kwenye mkono wa kulia, anampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, anamlisha kitu kitamu kwa vidole vyake, na kaka anaahidi kumlinda. Dini inasema uzi ule ni dua. Maana yake ya nyumbani ni nyingine: mwanamke akishaolewa ni mtu wa kwingine, na siku hiyo kila mwanamume anakumbushwa, mkewe akiwa amesimama palepale, kwamba kabla ya mke palikuwa na mtu.

Kwa hawa wawili palikuwa na mtu kweli. Wazazi walikufa wifi akiwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake minne. Walilelewa kwa ami yao, lakini aliyemwogesha, aliyemkuna mgongo akiwa na tetekuwanga, aliyemnyima shule siku ya mvua na kumchapa siku ya jua, alikuwa dada mtu. Akakua akawa fundi wa redio na feni, mwembamba, watu wakamwita Waya. Kila mwaka alinyoosha mkono, akaahidi kwa sauti kubwa kwamba atamlinda dada yake, na dada akamjibu, "Utanilinda na nini, na mikono hiyo kama vijiti?" Kisha wanacheka wote wawili mpaka machozi. Uzi ule hakuuvua. Aliuacha mkononi mpaka uoze wenyewe, au uunguzwe na chuma cha kulehemu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, mwaka juzi, tulikaa mbele ya daktari, mimi na Waya. Chumba kidogo, meza ya chuma, feni inapiga kelele juu. Daktari akatueleza kwa upole kwamba ni saratani ya kongosho na imekwisha kuenea. Nikamwuliza muda gani. Akasema wiki sita. Labda nane, kama ana bahati. Waya akatazama juu akasema, "Daktari, hiyo feni beringi zake zimekwisha. Ungeniletea kabla sijaondoka." Daktari wa watu hakujua acheke au alie.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mama, dada asijue."

"Umerukwa na akili?"

"Sikiliza. Mumewe alipokufa dada alianguka, presha ikapanda, alilazwa siku tisa. Akijua hili atakuja kukaa miguuni pangu analia kutwa. Mimi nataka anifunge uzi anacheka, kama kila mwaka. Basi. Akishanifunga nitamwambia mwenyewe."

Akahesabu kwa vidole. Mwaka uliopita siku ya uzi ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa nane, na sikukuu zetu kila mwaka zinarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo mwaka huu ni mwanzoni mwa mwezi wa nane, siku ya mwezi mpevu. Wiki tano. "Nitafika," akasema. Akaniapisha palepale kwenye maegesho ya hospitali, mkono wangu juu ya kichwa chake, kwamba sitamwambia dada yake neno. Nikaapa.

Wifi tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Akatuma uji, akatuma dawa za majani, akamsema Waya kwa kula ovyo. Naye Waya akawa anakonda, yeye ambaye hakuwa na cha kukonda, na mimi nashona sare za shule mchana huku nimemtegea sikio chumbani. Kila asubuhi aliniuliza zimebaki siku ngapi. Hakuniuliza za kufa. Aliuliza za uzi.

Lakini hesabu yetu ilikuwa na kosa, na kosa hilo sisi wengine hulifanya kila mara kwa sababu tunamtegemea Kalenda atufikirie. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Ukiuacha tu, Diwali ingetembea mwaka mzima mpaka ikakutana na siku ya tiara, ambayo inafuata jua. Basi karibu kila mwaka wa tatu panaingizwa mwezi wa ziada, sikukuu zote zinasogezwa mbele, mambo yanakaa sawa. Mwezi huo hauna harusi, hauna kuhamia nyumba mpya, hauna sikukuu. Wazee husimulia kwamba ulikuwa mwezi yatima, kila mungu aliukataa, mpaka Vishnu akauhurumia akaufanya wake. Ndiyo maana ni mwezi wa sala tu. Na mwaka ule uliingia palepale, ukachukua hata jina la mwezi wa uzi. Miezi miwili yenye jina moja, mwezi mpevu mara mbili. Wa kwanza ni wa ziada. Uzi ni wa pili.

Hilo hatukulijua mpaka siku yenyewe.

Siku ya ule mwezi mpevu wa kwanza Waya aliamka akaomba kunyolewa. Nikamnyoa. Akavaa shati la bluu, kola inampwaya shingoni kama shati ni la baba yake. Nikampeleka akakaa sebuleni kwenye kiti chenye mito, karibu na meza yake ya kazi, redio moja imefunuliwa tumbo haijaguswa wiki tatu. Saa nne wifi akaingia na chupa ya uji, bila sahani ya uzi na vitamu, bila rangi nyekundu ya paji la uso, bila kitu.

"Leo bwana harusi ni nani?" akauliza.

Waya akanyoosha mkono wa kulia. "Dada, lete uzi."

"Uzi gani?"

"Mwezi si mpevu leo? Jana nimeuona dirishani, umebaki kidogo kama sahani iliyomeguka. Lete uzi nikulinde."

Wifi akaanza kucheka. Na mimi nilifurahi, nikadhani anatania, ana uzi wake kifuani. Akakaa, akavuta kitabu kwenye mkoba, akatueleza habari ya mwezi wa ziada, mwanzo mpaka mwisho, na yatima, na Vishnu, na kila kitu. Nilimwona Waya anahesabu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Ishirini na tisa.

"Dada," akasema, "uzi ni uzi. Nifunge tu leo."

"Wee! Uzi nje ya siku yake ni kamba ya kufungia mzigo. Utasubiri kama kaka za wenzangu. Siku ishirini na tisa tu, zitakuua?"

Waya akanitazama. Kisha akacheka, kwa taabu, akiushika ubavu. "Haziwezi, dada."

Nikafumbua mdomo. Naapa nilifumbua mdomo. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi: wifi, mfunge, anakufa. Hata bila kusema anakufa, ningeweza kusema mfunge tu, nakuomba. Na yeye aliniona. Akanigeukia, jicho limejaa kicheko kile kile cha miaka yote.

"Na wewe mbona unanitazama hivyo? Usimtie maneno kaka yangu. Wewe si ndiye wa siku moja kabla?"

Hasira ilinipanda ghafla. Nikajiambia: haya, mjuaji, jua mwenyewe. Nikafumba mdomo, nikachukua chupa ya uji, nikaingia jikoni.

Ndiyo hivyo. Watu wanadhani nilinyamaza kwa sababu ya kiapo. Kiapo kilikuwepo, lakini kiapo ningekivunja. Ilikuwa hasira.

Alipoondoka nilimwambia Waya, nikilia, "Niache nimwambie. Atarudi mbio, atakufunga sasa hivi."

"Atanifunga analia. Hiyo itakuwa bandeji, si uzi." Akafumba macho. "Mwache, mama. Ndivyo alivyo. Bila yeye kushika siku, sisi tungekuwa tumeshapotea. Nitajikaza nifike hiyo ishirini na tisa."

Alijikaza. We acha tu, yule mtu alijikaza. Aliacha kuniuliza siku zimebaki ngapi, nadhani alikuwa anahesabu kimyakimya. Na mimi kila asubuhi nilisema leo nitakwenda dukani, leo namwambia. Nikafika siku moja hadi kwenye kona ya barabara ile. Nikamwona amesimama mlangoni anapima riboni kwa mkono, anacheka na mteja, nikageuza. Nilisema kesho.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Waya alivuta pumzi, nikasubiri aitoe. Hakuitoa.

Wifi alikuja amevaa tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkononi, hakuna aliyemkumbusha auweke chini mpaka alipofika kitandani. Hakuanguka. Tulikuwa tumemwogopea bure. Alisimama tu. Baadaye, mwili ulipokwisha kuogeshwa na kuvikwa nguo mpya, na watu wamejaa sebuleni, aliingiza mkono kifuani akautoa uzi. Alikuwa ameutengeneza zamani, hariri nyekundu, shanga moja ndogo katikati. Hakuna ambaye angemzuia, hata kuhani, hata wazee. Aliutazama mkono wa mdogo wake, aliutazama muda mrefu. Kisha akaurudisha uzi kifuani, kwa sababu ulikuwa bado mwezi wa ziada.

Binti yetu wa pekee alisafiri akafika, ndiye aliyewasha moto wa kumchoma baba yake, kazi ya mtoto wa kiume. Wazee walinong'ona kidogo, wifi akawakata jicho, wakaacha.

Siku kumi na tatu za msiba zikaisha. Siku tano baada ya hapo ikawa siku yenyewe, ile halisi, ile ya pili. Nilikuwa kwenye cherehani, sare za shule zinangojwa, nikasikia mlango. Wifi, sari nyeupe, mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti chenye mito. Mtaa mzima kina dada walikuwa wanapita na sahani zao, tulisikia viatu vyao na vicheko vyao.

"Nakuuliza swali moja, wifi," akasema. "Siku ile aliponiomba, alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Na wewe?"

Ningeweza kudanganya. Mungu anisamehe, nilifikiria. "Nilijua. Tangu mwezi wa sita."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakiki hesabu. "Aliwaapisha."

"Aliniapisha mimi."

"Kiapo kilikuzuia."

"Hapana, wifi. Nilitaka kusema. Ukanitajia habari ya siku moja kabla, nikakasirika. Nikanyamaza."

Cherehani ilikuwa imesimama na sindano iko ndani ya kitambaa. Wifi alinitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Miaka ishirini na nane nakutania," akasema. "Nilidhani unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

"Ungesema tu mfunge. Nisingeuliza kwa nini. Ningekataa kidogo, ningesema maneno yangu, ningemfunga. Hata kusingekuwa na mwezi angani, wifi. Yule ni mtoto wangu." Akainuka. Akaenda zake.

Hakunisemesha tena. Na kwa sisi watu wa sikukuu, kutosemeshana kuna adhabu yake, maana mwaka haukupi nafasi ya kusahau. Zilikuja zile siku kumi na tano za kuwalisha waliokufa, kunguru wanatengewa wali kabla ya watu. Zikaja siku tisa za Mungu Mama, wanawake wanacheza duara na vijiti mkononi kuizunguka taa, na nyumba yenye msiba haichezi. Nilisikia vijiti vyao vinagongana kutoka hekaluni, nikaongeza mwendo wa cherehani. Diwali sikuwasha taa hata moja. Jamaa walikuja na vitamu, kama ilivyo desturi, kuiliwaza nyumba iliyofiwa katika sikukuu yake ya kwanza. Boksi la wifi lilikuwemo. Lilikuja kwa mkono wa jirani, bila neno. Desturi hawezi kuivunja. Siku ya pili baada yake ni ile ambayo kaka huenda kula kwa dada yake, na jirani huyo huyo aliniambia Kalenda alipika, akapakua sahani mbili, akafunga mlango.

Holi nilikaa mlangoni tangu asubuhi. Mjane hapakwi rangi, hilo najua, na sikutaka rangi. Nilikumbuka tu mahubiri yake ya kisirani. Watu walipita wekundu, kijani, wamelowa, wanapiga kelele. Nilikaa mpaka saa tisa, kisha nikaingia ndani.

Wiki moja kabla ya siku ya uzi iliyofuata nilikwenda dukani mwenyewe. Sikuwa na njia. Mtu akitimiza mwaka lazima afanyiwe ibada yake, jina lake litajwe, maji yamwagwe, na siku hiyo haifuati tarehe ya ukutani, inafuata mwezi wa angani. Na mume wangu alifia katika mwezi wa ziada, ambao mwaka huo haukuwepo kabisa. Nilimpigia kuhani simu akaniambia bila aibu, "Mwulize Kalenda."

Dukani hapakuwa na mteja. Wifi alikuwa amekaa chini anapanga maboksi ya zipu. Amezeeka. Nikasimama upande huu wa kaunta.

"Wifi. Mwaka wa Waya ni lini?"

Hakuniangalia. Aliinuka akavuta kitabu. Sauti yake ilikuwa ile ya kuwajibu wateja. "Anayefia mwezi wa ziada, mwaka wake huwekwa kwenye mwezi halisi wenye jina hilo hilo. Siku ile ile ya mwezi. Alikufa siku ya kumi na mbili baada ya mwezi mpevu."

"Ndiyo."

Kidole kikatembea kwenye ukurasa. Kikaifikia siku ya uzi, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, kikaipita, kikaanza kuhesabu. Kilipofika kumi na mbili kikasimama, na hakikuondoka.

"Tarehe ngapi?" nikauliza.

"Thelathini na moja." Kisha akasema, "Ni baada ya uzi, wifi."

Sikuelewa haraka.

"Uzi kwanza, halafu siku kumi na mbili, halafu anakufa. Tazama. Ndivyo kilivyoandikwa, na ndivyo nitakavyowasomea watu kila mwaka mpaka na mimi niende. Kwa kitabu hiki kaka yangu alikufa amekwisha kufungwa." Bado alijaribu kuishika sauti ya dukani. "Kinanitetea. Kitabu kizima kinasema nilimfunga. Na siku ile nilikiamini kuliko mkono wake, wifi, mkono wenyewe alionyoosha. Leo nitasemaje kwamba kinadanganya?"

Hapo ndipo alipolia, wifi yangu, mwaka mzima baada ya msiba, kilio cha mtu aliyempoteza mtoto. Nikazunguka kaunta nikakaa naye chini kati ya maboksi.